Ukiandika 300, pikseli haziongezeki

"Mwalimu, picha ni safi sasa, nimeshaiweka mia tatu."

Nafundisha uchapaji wa kompyuta kwenye chuo kimoja kidogo hapa Lamu, na maneno hayo nayasikia kila muhula, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunawa mikono. Safari hii yamenifika kooni.

Kazi yenyewe ilikuwa bango la A3 la fundi wa kofia za viua, alitaka litoke kabla ya Maulidi. Picha ilikuja kwa WhatsApp: pikseli, yaani vile vitone vya rangi vinavyounda picha, 1,280 kwa 960. Mwanafunzi wangu akafungua Photoshop, programu ya kuhariri picha, akaenda penye idadi ya pikseli kwa inchi, akafuta 72, akaandika 300, akatabasamu.

Hakubadilisha kitu. Hiyo 300 inaiambia printa pikseli zibanwe kiasi gani kwenye inchi moja ya karatasi, basi. Zile 1,280 zikibanwa mia tatu kwa inchi zinajaza sentimita 10.8. Upande mrefu wa A3 ni sentimita 42. Zitandaze humo upate pikseli 77 kwa inchi, uandike 300, uandike 3,000, uandike tarehe yako ya kuzaliwa.

"Lakini mwalimu, mimi nimeweka alama kwenye kile kisanduku." Ndiyo, kile kinachoruhusu programu iongeze pikseli yenyewe. Hapo ndipo damu inaponichemka zaidi, maana faili linanenepa na mtu anaamini amepata kitu. Kufika A3 kwa mia tatu unahitaji takriban mara 15 ya pikseli ulizonazo. Yaani katika kila 15, 14 zimebuniwa kwa kuchungulia jirani. Nikaikuza ile kofia skrini nzima. Kiua ni kitundu kilichozungushiwa uzi kwa mkono. Pale palikuwa na madoa ya kijivu kama ukungu wa mkate. Programu za akili bandia zingechora vitundu vizuri tu, ila si alivyoshona yule mzee, na yeye anauza mkono wake.

RGB na CMYK, yaani rangi za skrini na rangi za wino, nitaziandikia siku nyingine. Kwa leo jua tu kwamba ile buluu ya bahari unayoiona kwenye skrini, wino hauifikii.

Na niseme ukweli: hata hiyo mia tatu yenyewe siiabudu. Ilitokana na desturi ya kuzidisha mara mbili mistari 150 kwa inchi ya vitone vya wino kwenye mashine za kuchapa za ofseti, na mimi nimechapa kazi za 200 ambazo hakuna mteja aliyezirudisha. Bango la gatini, linalosomwa na mtu aliye ndani ya mashua, ni hesabu nyingine kabisa. Mpaka wa chini hasa uko wapi? Nabahatisha kwa jicho, halafu darasani nasema mia tatu kwa sababu ndiyo inayoulizwa kwenye mtihani.

Tukamwomba fundi aitume tena kama dokumenti, ili WhatsApp isiipunguze. Ikaja nzima kama simu ilivyoipiga, 4,032 kwa 3,024. Kwenye A3 hiyo ni kama 244 kwa inchi. Tukachapa nakala moja ya kujaribu, tukampelekea mtaani kwake, Langoni.

Akaisogeza karibu na mlango penye mwanga, akapitisha kidole safu kwa safu, akasimama kwenye ya tatu. "Hiki kiua uzi umelegea," akasema. "Msichape, wanangu. Ngojeni niwapige picha kofia nyingine."