Porsche 911 na Cayman Konani: Injini Nyuma ya Ekseli, Injini Mbele Yake

Ninaporekebisha sasipensheni za magari ya michezo, swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kwa nini Porsche 911 na Porsche Cayman, magari ya kiwanda kimoja, hayakati kona kwa namna moja. Jibu liko kwenye ekseli ya nyuma, yaani mhimili wa magurudumu ya nyuma. Injini ya 911 imekaa nyuma ya ekseli hiyo, na kwa sababu hiyo takriban asilimia 60 ya uzito wa gari hulalia magurudumu ya nyuma. Ya Cayman, iliyoingia sokoni mwaka 2005, iko mbele ya ekseli, mgongoni mwa viti, na sehemu hiyo hushuka hadi karibu asilimia 55.

Lakini kwangu mimi lililo kubwa zaidi ni umbali wa uzito huo kutoka katikati ya gari. Fimbo iliyofungwa jiwe nchani ni ngumu kuanza kuizungusha, na ikishazunguka ni ngumu kuisimamisha; ndivyo ilivyo 911 yenye injini mkiani. Dereva wa 911 akiingia konani huku bado anakanyaga mafuta, pua nyepesi ya gari husukumwa nje. Akishtuka na kuachia mafuta ghafla, uzito huhamia mbele, na matairi ya nyuma hupungukiwa na mgandamizo wakati uleule yanapopaswa kuizuia injini isitupwe nje. Mkia hutoka. Katika 911 Turbo ya mwaka 1975, ambayo nguvu za turbo (kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini) zilichelewa kisha zikaja kwa mkupuo, jambo hili lilihitaji dereva mwenye utulivu mkubwa.

Wahandisi wa Porsche hawakulala. Kwa matoleo ya mwaka 1969 walirefusha umbali kati ya ekseli kwa milimita 57 na kuweka betri mbili puani. Toleo la 911 lenye jina la kiwandani 993 lilipewa sasipensheni mpya ya nyuma yenye mikono mingi, na lile la 991, la mwaka 2011, likaongezwa milimita 100 nyingine kati ya ekseli. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema injini ya nyuma ni kosa linalofichwa kwa ufundi, kwa kuwa uzito huohuo ndio unaoyapa matairi ya nyuma mshiko gari linapotoka konani, na ndio unaoyawezesha kubeba sehemu ya kazi ya kufunga breki iliyo kubwa kuliko kwenye gari lenye injini mbele.

Cayman huitii stelingi upesi zaidi, na anayejifunza kuendesha kwenye uwanja wa mashindano ningemshauri aanze nayo. Ajue tu kwamba gari lisilokinza kuzungushwa, likishapoteza mshiko, huzunguka kwa kasi, na nafasi ya kulirudisha kwa stelingi ni fupi. Kwa 911 ninasisitiza mpangilio wa miguu: breki nzito ikamilike gari likiwa limenyooka, iachiwe taratibu wakati wa kuingia ili pua ibaki na uzito, kisha mafuta yakanyagwe mapema kidogo na yasiachiwe katikati ya kona.