Imeili zinarudi? Hujadukuliwa, soma kwanza

Wiki iliyopita niliitwa ofisi moja pale Mwanga, imeili zao zote zinarudi na bosi keshahukumu, "tumedukuliwa, futa kila kitu." Nikamwambia, bosi wangu, tusome kwanza hiyo iliyorudi inasemaje. Mstari wa chini kabisa: 550 (yaani imekataliwa), Spamhaus, PBL.

Sasa hapo ndo wengi wanachemka, wanadhani ukiwa kwenye listi ya Spamhaus basi umeshtakiwa kutuma spamu, yaani imeili taka, wakati hao jamaa, shirika linalotunza listi ambazo seva za imeili huziangalia kabla ya kupokea, wana listi kadhaa na kila moja ina lake. SBL ndo ya watuma spamu, XBL ni ya mashine zilizoingiliwa na virusi, ila PBL ni anwani za IP (namba za mtandaoni) za wateja wa kawaida tu, ambazo hazitakiwi kupeleka imeili moja kwa moja kwenye seva za watu kupitia poti 25, mlango ambao seva hupelekeana imeili. Hakuna kosa umefanya. Kumbe fundi aliyewafungia aliichomeka seva kwenye ruta ya laini ya simu, IP ya mteja wa kawaida! Tukazipitisha imeili kwenye seva ya hosting yao (kampuni inayowatunzia huduma za mtandao), kwa poti 587, mlango wa mteja kutuma kwa pasiwedi, zikatoka.

Wengine eti lazima ulipe utolewe. Spamhaus hawatozi hata mia, SpamCop, listi nyingine, inakutoa yenyewe kama saa 24 baada ya ripoti kukata. UCEPROTECT, nao wana listi zao, ndo wanauza kutoka haraka, lakini ile ya ngazi ya kwanza ukitulia siku 7 bila spamu unatoka bure, kwahiyo anayekuomba laki mbili "akuongelee" muache aende.

Na hili la "badilisha IP tu". Kama kuna mashine ndani ina virusi, IP mpya nayo itaingia listini, ni sawa na kuhamia Ujiji na godoro lako la kunguni.

Ila dhana inayonichosha kuliko zote ni kwamba listi ndo inazuia imeili. Listi haizuii kitu jamani, inajibu swali tu. Seva inayopokea inaigeuza IP yako kinyumenyume, 192.0.2.5 inaulizwa 5.2.0.192.zen.spamhaus.org kupitia DNS, ile huduma ya kutafuta majina ya mtandao, jibu likija seva yenyewe ndo inaamua. Sasa fundi wa upande wa pili akiwa anauliza kupitia 8.8.8.8, DNS ya umma ya Google, Spamhaus hawamhudumii, wanarudisha 127.255.255.254, maana yake "umeuliza kupitia DNS ya umma", siyo "umo listini", na seva yake kama aliiambia jibu lolote ni spamu basi anakataa dunia nzima. Au anatumia listi iliyokufa, mfano AHBL, hao walivyofunga, kuanzia Januari 2015 wakawa wanajibu ndiyo kwa kila IP.

Hapo ukijaza fomu za kuomba kutolewa unajichosha bure, maana hujaandikwa popote. Mpigie simu fundi wao, na umsomee huo mstari wa imeili iliyorudi.