Agariciidae: matumbawe ya majani na sahani

Agariciidae ni familia ya matumbawe magumu ya bahari za joto. Mengi yake hukua kama majani yaliyosimama wima, au kama sahani nyembamba zilizotokeza kwenye ukuta wa mwamba. Jenasi ya Agaricia ni ya Karibi na Atlantiki ya magharibi; Pavona, Leptoseris na Gardineroseris zinapatikana Bahari ya Hindi na Pasifiki.

Ila umbo lisikudanganye. Montipora na Turbinaria nazo hutandaza sahani, na si za familia hii. Pavona clavus ni wa humu kabisa, lakini hujenga nguzo nene. Cha kutazama ni uso wa mfupa. Kwa matumbawe mengi, kila polipi, yaani mnyama mdogo anayejenga tumbawe, hukaa kwenye kikombe chake chenye ukuta wa wazi. Katika familia hii ukuta huo ni hafifu au haupo. Vibamba vyembamba vya chokaa, yaani septa, huanzia kwenye kitovu cha polipi moja na kwenda moja kwa moja hadi kwa jirani bila kukatika. Chukua kioo cha kukuzia utazame kipande kikavu cha Pavona: utaona vijiua vingi vilivyounganishwa na mistari myembamba, wala hujui kimoja kinaishia wapi. Hata alama hiyo si ya kuaminiwa daima. Pachyseris, yenye matuta marefu yanayofuatana, ilihesabiwa humu kwa miaka mingi, mpaka uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kuwa nasaba yake ni nyingine.

Ubapa wenyewe unatokana zaidi na mwanga. Ndani ya nyama ya polipi huishi mwani wa seli moja, unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake. Kadiri kina kinavyoongezeka mwanga hupungua, na bamba lililolala hupokea mwanga mwingi kwa chokaa kidogo. Leptoseris ndiyo bingwa wa mbinu hii. Katika mlangobahari wa Auʻau, kati ya visiwa vya Maui na Lanai huko Hawaii, imetandaa kwa wingi kwenye kina cha zaidi ya mita 70, na kwingineko katika Pasifiki Leptoseris hawaiiensis imeonekana chini ya mita 160. Matumbawe mengine yanayotegemea mwani hayafiki huko.

Wembamba una gharama zake: bamba huvunjika upesi, na lililolala hukusanya tope. Joto nalo haliyaachi. Kwenye baadhi ya miamba ya wangwa wa Belize, matumbawe ya pembe, Acropora cervicornis, yaliangamizwa na ugonjwa katika miaka ya 1980, na Agaricia tenuifolia ikaijaza nafasi hiyo kwa muda mfupi. Ingeweza kuonekana kama mrithi wa kudumu. Bahari ilipopata joto kali mwaka 1998, nayo ikapauka, yaani ikapoteza mwani wake, ikafa karibu yote.