Hujui kuchora? Bado unaweza kuandika bede (hadithi za picha): somo nililolipata kwa Marguerite Abouet

Kila nikianza atelie ya senario, yale maandishi anayofuata mchoraji, hapa Lubumbashi kuna mtu lazima ainue mkono, mara nyingi msichana aliyekaa nyuma kabisa, aniambie "Yaya, mi nilikuja kuangalia tu, sijue kuchora." Namwekea Aya de Yopougon mezani mbele yake namwambia mama aliyeandika hiki kitabu hata yeye hakukichora. Picha zote humu ni za Clément Oubrerie, maneno na hadithi ni za Marguerite Abouet, na majina yote mawili yako kwenye jalada. Wengi wanakishika kile kitabu wanakigeuza mbele nyuma kama wanatafuta nani anawadanganya, juu hapa kwetu tumezoea kwamba mtu wa bede ni mchoraji, basi, asiyejua kushika kreyo akae pembeni asome.

Mi kazi yangu ni senario, nimekuwa nikiandikia wachoraji na kufundisha vijana miaka na miaka, na nakwambia kweli hakuna mwandishi ambaye maisha yake ya kazi yamewafungua macho watu wangu kama huyu mama. Si kwamba hadithi yake ni kubwa kuliko za wengine. Ni vile alivyofika pale, na vitu alivyochagua kuandika.

Abouet alizaliwa Abidjan mwaka 1971. Akiwa na miaka 12 wakampeleka Paris, akakulia kule, akafanya kazi ya ofisi, alikuwa msaidizi kwenye mambo ya sheria, na huku anaandika. Hakutoka shule ya sanaa akaingia moja kwa moja kwenye vitabu. Albamu ya kwanza ya Aya ilitoka 2005 kwa Gallimard, na mwanzo wa 2006 festivali ya Angoulême, ambayo njo kubwa ya bede kule Ufaransa, ikaipa zawadi ya albamu ya kwanza. Alikuwa ameshapita thelathini. Nikiwaeleza hivyo kwenye atelie naona sura zinabadilika, hasa za wale wanaofanya sekretariati ya watu mjini kutwa nzima wanapiga fotokopi na kuandika barua za wengine, na wale wanaouza unite za telefoni kando ya barabara, juu walikuwa wamejiambia muda wao wa kuanza umeshapita.

Sasa senario ni nini hasa, maana hapa njo watu wanapotea. Wengi wanafikiri mwandishi anatunga hadithi kama ya kitabu cha kawaida halafu mchoraji anaweka picha juu yake. Hapana. Senario ni kama plani ya nyumba, fundi anaisoma anajua ukuta uanzie wapi na mlango ukae upande gani, lakini atakayekuja kukaa ndani haioni hata siku moja. Unaandika ukurasa kwa ukurasa, kisanduku kwa kisanduku: nani yuko ndani, anafanya nini, tunamuona kutoka wapi, anasema nini, na mara nyingi unaandika kwamba hasemi kitu. Msomaji akifungua albamu hakutani na sentensi zako zaidi ya yale maneno ya mdomoni. Zile nyingine zote zimekuwa picha. Inahitaji mtu anayekubali kazi yake ionekane kwa mkono wa mwenzake.

Niwape mfano wa karibu. Kijana mmoja wa Katuba aliniletea ukurasa wake wa kwanza, hadithi ni jioni nyumbani kwao, umeme umekatika. Kisanduku cha kwanza alikuwa ameandika hivi: "Mama anarudi sokoni, anawasha mbabula, anapika bukari, anagawia watoto." Sentensi iko sawa kabisa, ungeisoma kwenye riwaya usingeona shida. Kwenye bede haichoreki, juu kisanduku kimoja ni kitambo kimoja tu, na pale ndani kuna vitambo vinne, mchoraji achore kipi? Nikamwambia achukue kila tendo alipe kisanduku chake, halafu aniambie kipi kati ya hivyo kinauma.

Akarudi na visanduku vitano. Mkono wa mama unapepea makala (mkaa). Sufuria, mvuke, uso wake nusu gizani. Watoto wamekaa chini wanangoja. Cha nne akaweka sahani: watu ni wanne, sahani ni tano, na ya tano imefunikwa na sahani nyingine. Cha tano mtoto mdogo anaiangalia ile iliyofunikwa. Neno hakuna hata moja kwenye ukurasa mzima. Na we msomaji umeshajua baba yuko mbali (aliniambia baadaye baba wa kwenye hadithi anachimba upande wa Kolwezi), umeshajua mama bado anamhesabia kila usiku. Nilikaa na ile karatasi muda mrefu. Njo senario hiyo, bana. Na yule kijana hajui kuchora hata kuku.

Nilipojiuliza amejifunzia wapi kunyamaza vile, jibu nilikuwa nalo: alikuwa amemsoma Abouet wiki nzima. Angalieni mwisho wa albamu ya kwanza. Adjoua, rafiki wa Aya, amezaa, amemtaja Moussa mtoto wa tajiri Sissoko kuwa ndiye baba, ndoa imeshafungwa, halafu wazazi wa Moussa wanamuinamia mtoto na hawaioni sura ya kijana wao pale. Hakuna hotuba. Macho ya watu yanafanya kazi yote, na kama umesoma vizuri kurasa za nyuma we mwenyewe unaanza kupiga hesabu. Kule kuacha msomaji apige hesabu mwenyewe ni ujuzi, haukuji tu.

Halafu kuna jambo la pili, na mi naona hili njo linalowapa vijana wetu nguvu kupita zawadi na jina. Aya ni hadithi ya mtaa. Ni 1978, Yopougon, mtaa wa watu wa kawaida kule Abidjan, wakati Ivory Coast iko vizuri kwa pesa ya kakao na kahawa. Aya ana miaka 19, anataka kusoma awe daktari. Baba yake Ignace anafanya kazi kwenye kampuni ya bia na roho yake yote inataka binti aolewe na mtoto wa bosi. Wenzake Bintou na Adjoua wanapenda kudansi na kutoka usiku. Kuna wapenzi, kuna uongo, kuna mama majirani wanaojua kila kitu, kuna madeni. Vita hakuna. Njaa hakuna. Abouet mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba alitaka kuonyesha Waafrika wanaoishi siku zao, sio zile picha za misiba zinazorudi rudi kwenye televisheni.

Kwa mtu wa Kongo jambo hilo si dogo. Bede iliyojulikana zaidi duniani juu ya nchi yetu, Tintin au Congo, iliandikwa 1930 na Hergé, Mbelgiji ambaye hakuwahi kukanyaga huku, na mpaka leo sura zake zinachongwa kwenye mbao zinauzwa kwa watalii. Baada ya hapo vitabu vingi vinavyotufikia juu yetu ni vita vya Kivu, madini, damu. Sisemi visiandikwe, ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanayaishi na lazima yasemwe. Lakini kijana wa Kamalondo akikaa kuandika, kitu cha kwanza kinachomjia ni bunduki, wakati yeye nyumbani kwao kuna shangazi aliyegombana na mwenye nyumba juu ya maji, na ile ni hadithi nzuri sana, ina watu, ina siri, ina kicheko. Nilipoanza kuwasomesha Aya kurasa chache kabla ya zoezi, bunduki zikapungua kwenye kaye (daftari) zao. Zikaingia harusi zenye ugomvi, baba aliyeficha mshahara, dada aliyerudi kutoka Afrika Kusini na sauti nyingine.

Na wakaanza kuwaandikia watu wao namna wanavyosema. Wale wa Yopougon wanaongea Kifaransa cha Abidjan, na nyuma ya albamu Abouet ameweka kurasa za ziada zenye maana ya maneno ya kule, mapishi, hata namna ya kufunga kitenge. Hakusafisha mdomo wa mtu ili Paris wamuelewe. Basi na sisi mazungumzo tunayaweka kwa Kiswahili cha hapa hapa Lubumbashi, kile cha mitaa yetu ya Kenya na Ruashi, na kilichosemwa kwa Kifaransa ofisini kinabaki Kifaransa. Mtu asifikiri ni kitu kipya. Hapa mjini, kati ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimfanyia mtafiti Johannes Fabian picha zaidi ya mia za historia ya nchi, na akamueleza moja moja kwa Kiswahili. Kinshasa kwenye miaka ya 1990 Papa Mfumu'eto alikuwa anatoa bede zake kwa Lingala, zinauzwa barabarani kwa bei ya watu wa barabarani. Picha na lugha ya nyumbani vilikuwa pamoja zamani.

Wachoraji tunao, tena wakali. Barly Baruti, mtoto wa Kisangani wa 1959, kila mtu anamjua. Lakini angalieni hata yeye kazi zake kubwa nyingi ziko na mwandishi pembeni: Eva K. aliifanya na Frank Giroud, na Madame Livingstone ya 2014, ile ya Vita Kuu ya kwanza kwenye ziwa Tanganyika, senario ni ya Christophe Cassiau-Haurie. Waandishi hao wote wawili ni Wafaransa. Mi sina neno baya juu yao, Madame Livingstone naipenda sana, naisomesha. Ila inaniuma nikimuona mchoraji wa hapa mwenye mkono wa dhahabu anazunguka na kartoni yake ya picha hana hadithi, na mtaa wa pili kuna mtu ana hadithi kumi anasubiri siku atakapojua kuchora. Njo maana nasisitiza hii habari ya Abouet mpaka wengine wanachoka na mimi.

Na uvumilivu wake pia wausikie. Albamu sita kutoka 2005 mpaka 2010, filamu ya kuchora 2013 aliyoiongoza pamoja na Oubrerie, Akissi ya watoto akiwa na mchoraji mwingine, Mathieu Sapin, halafu Aya yenyewe ikanyamaza miaka mingi mpaka albamu ya saba ikatoka 2022. Katikati akaanzisha shirika la Des livres pour tous la kufungua maktaba mitaani, ya kwanza akaanzia kule kule Abidjan. Hapa kwetu albamu moja mpya inaweza kula pesa ya chakula ya nyumba kwa siku nyingi, kwa hiyo mwandishi anayefikiria vitabu vitamfikiaje mtoto wa mtaa, huyo namheshimu mara mbili. Ukiwa Lubumbashi ulizia mediateki ya Halle de l'Étoile, au tafuteni watu watano mchange faranga mnunue kopi moja mzungushane.

Kwa anayetaka kuanza, chukua kaye, andika ukurasa mmoja tu, visanduku vitano au sita, jambo lililotokea kwenu ndani ya lupango, pale uani. Mazungumzo ya kila mtu yawe mafupi, ukiona yamepita mistari mitatu kata, juu mchoraji anahitaji nafasi ya uso na mikono. Soma kwa sauti mbele ya mtu wa mtaa wako, akikwambia "huyu hawezi kusema hivyo" msikilize yeye kuliko mimi. Halafu tafuta mchoraji, na kabla hajachora mstari wa kwanza kaeni muandike kwenye karatasi mtagawana vipi kitakachoingia na majina yatakaa vipi kwenye jalada, wote wawili mtie sahihi, kila mmoja abaki na kopi yake. Urafiki mwingi wa bede umeniangukia mbele ya macho kwa kukosa hiyo karatasi, na ile hadithi ikabaki kwenye kaye haikumfikia msomaji hata mmoja.