Yale Ambayo Watengenezaji wa Magari ya Umeme Waliyajua kwa Kuchelewa

Mwezi Agosti 2023, Jim Farley, mkurugenzi mkuu wa Ford, alipanda pikapu ya umeme F-150 Lightning, gari lililotoka kwenye viwanda vya kampuni yake mwenyewe, akashika njia kuu za magharibi mwa Marekani. Huko Coalinga, California, chaja aliyoipata ilikuwa ya nguvu ndogo. Alisubiri kama dakika 40, na betri ikaishia asilimia 40. Pikapu hiyo ilikuwa imekaa sokoni zaidi ya mwaka mzima, lakini Farley alisema waziwazi kwamba safari ile ndiyo iliyomwonyesha wateja wake wanapambana na nini.

Nalitaja tukio hili kwa heshima. Natamani wakuu wote wa kampuni za magari wasubiri chaja namna ile, wakiwa na safari ndefu mbele yao. Kazi yangu ni kufundisha mafundi wa magari ya umeme na kuwaeleza wananchi jinsi magari hayo yanavyofanya kazi. Swali linalonijia mara nyingi kuliko yote ni hili: kama gari lenyewe ni zuri hivyo, mbona anayelinunua anakutana na mambo ambayo hakuambiwa? Mengi kati ya mambo hayo mtengenezaji naye hakuyajua, au aliyajua kwa hesabu za karatasini tu, mpaka magari yalipofika mikononi mwa watu.

Sababu mojawapo ni mazoea. Kwa zaidi ya miaka 100 kampuni ya magari haikuwa na haja ya kufikiria mafuta yanapatikana wapi. Iliunda tangi, ikaweka mfuniko, kazi yake ikaishia hapo. Vituo vilijengwa na wengine, na mdomo wa pampu haukuuliza gari limetengenezwa na nani. Magari ya umeme yalikuja na plagi zisizoingiliana: CHAdeMO iliyoanzia Japani, CCS ya Ulaya na Marekani, GB/T ya China, na ile ya Tesla. Tesla walianza kujenga chaja zao za kasi mwaka 2012, mwaka uleule walioanza kuuza Model S, maana walielewa kwamba bila chaja barabarani gari hilo lisingeweza kusafiri mbali. Kampuni nyingine nyingi ziliiona kazi hiyo kuwa ya watu wengine. Mei 2023 Ford wakatangaza kwamba magari yao yatatumia chaja na plagi ya Tesla, na Juni General Motors wakafuata. Hapo miaka 11 ilikuwa imekwisha kupita.

Sasa tuje kwenye namba ambayo kila mnunuzi huitazama kwanza: kilomita kwa chaji moja. Magari yanayouzwa Ulaya hupimwa kwa utaratibu uitwao WLTP. Gari hufungwa juu ya rola ndani ya chumba chenye joto la nyuzi 23, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kisha linaendeshwa kwa ratiba ambayo wastani wa kasi yake ni kama kilomita 46 kwa saa. Hakuna udanganyifu hapo. Kipimo hicho kinasaidia kulinganisha gari na gari, lakini hakikuahidi wewe kufika uendako ukiwa na familia na mizigo kwenye barabara kuu.

Kwenye barabara kuu adui ni upepo. Nguvu ya hewa inayolizuia gari hukua kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 90 kwa saa ukaenda 120, kasi imeongezeka kwa theluthi moja tu, ila ukinzani wa hewa umepanda kwa karibu asilimia 78. Gari la petroli nalo linapigana na hewa hiyohiyo, lakini dereva wake haoni sana, kwa sababu injini yake tayari inapoteza zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta kama joto, na kituo cha mafuta hakiko mbali. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9, yaani kama uniti 9 za umeme wa nyumbani. Kwa hiyo betri ya kilowati-saa 60 imebeba nishati isiyofika hata ile ya lita 7 za petroli. Gari la umeme linakwenda mamia ya kilomita kwa akiba hiyo ndogo kwa sababu mota haipotezi hovyo. Ndiyo maana kila kinachochota pembeni kinaonekana mara moja: mwendo wa kasi, tela, tairi zenye upepo mdogo. Hita nayo inakula kwenye betri hiyohiyo, maana hakuna joto la bure la injini la kupasha moto ndani ya gari.

Kwenye joto la betri ndiko kosa la uelewa lilikowaumiza watu waziwazi. Desemba 2010 yaliingia sokoni Marekani magari mawili yenye plagi. Chevrolet Volt lilikuwa na betri ya kilowati-saa 16 iliyopozwa kwa maji, mfumo mzima wa mabomba na pampu. Nissan Leaf lilikuwa na betri ya kilowati-saa 24 isiyo na mfumo huo. Iliachiwa hewa tu. Uamuzi wa Nissan ulikuwa na mantiki: vitu vichache, uzito mdogo, bei nafuu. Lakini mwaka 2012 wenye Leaf katika jimbo la Arizona, ambako kiangazi hupita nyuzi 40, walianza kuona vijistari vya uwezo wa betri kwenye dashibodi vikizimika kimoja baada ya kingine. Vilikuwa 12, na kila kilichozimika kilimaanisha kilomita zilizopotea moja kwa moja.

Kinachotokea ndani ya seli, yaani vipande vidogo vinavyounda betri, ni hiki. Juu ya kaboni ya upande wa hasi kuna utando mwembamba unaojijenga tangu siku ya kwanza, na utando huo ni wa lazima, unailinda seli. Joto likizidi, utando unaendelea kunenepa, na kila unaponenepa unameza lithiamu ambayo ingepaswa kubeba umeme. Lithiamu hiyo hairudi. Gari lililoegeshwa juani mchana kutwa linazeeka hata kama halijaendeshwa hata mita moja. Nissan walikuja kupanua dhamana: betri ikishuka chini ya vijistari 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, yaani kama kilomita 96,000, kampuni iishughulikie. Siku hizi magari mengi mapya yana betri inayopozwa kwa maji, na wale wamiliki wa Arizona waliopiga picha dashibodi zao wana mchango mkubwa katika hilo kuliko wanavyotambua.

Nitoe jambo jingine kutoka karakana yetu ya mafunzo, kwa sababu linawashtua watu bila sababu. Gari la umeme lililetwa likiwa juu ya lori la kubebea magari. Skrini nyeusi, halina uhai wowote. Mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa, akidhani betri kubwa imekufa na kwamba gharama yake itamfilisi. Mwanafunzi wangu mmoja alifungua boneti, akaweka mita kwenye betri ndogo ya volti 12, akasoma volti 7. Tukaipa umeme kutoka nje. Sekunde chache baadaye tukasikia "tak" kutoka chini ya sakafu, skrini ikawaka, na betri kubwa ikaonekana ina chaji zaidi ya nusu.

Ule mlio ni wa swichi kubwa zinazounganisha betri kuu na gari. Swichi hizo zinahitaji umeme wa volti 12 ili ziunganishe. Betri ndogo ikifa, ile kubwa inabaki imejaa lakini imefungiwa. Kwenye gari la petroli betri inayochoka hukupa taarifa: asubuhi starta inazunguka kwa uzito, unajua wiki hii utafute nyingine. Gari la umeme halina starta. Betri ndogo inadhoofika kimya, huku kompyuta za gari na programu ya simu zikiendelea kuichota wakati gari limelala, mpaka siku moja mlango haufunguki. Naamini watengenezaji walipaswa kuliona hili mapema zaidi na kuweka onyo la wazi kwenye dashibodi. Baadhi wamefanya hivyo. Kwako wewe, mwambie fundi aipime betri ya volti 12 kila gari linapofanyiwa huduma. Na kebo zenye rangi ya chungwa usiziguse kamwe. Hizo zimebeba mamia ya volti.

Breki nazo zina lao. Mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi na kurudisha umeme kwenye betri, hivyo pedi hukaa muda mrefu bila kubana, diski zikashika kutu. Mara mojamoja, barabara ikiwa wazi, kanyaga breki kwa nguvu kidogo ili pedi zisafishe diski.

Ukisoma kwenye tangazo kwamba gari linachaji kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika kadhaa, uliza kwa nini si hadi 100. Kuchaji ni kama kujaza mtungi: mwanzo unamimina kwa ndoo, ukifika shingoni unamalizia kwa kata. Hyundai Ioniq 5 la mwaka 2021 lilitangazwa kufanya kazi hiyo kwa dakika 18, na linaweza, ila kwenye chaja ya kilowati 350 na betri ikiwa na joto linalofaa. Betri ikiwa baridi, kompyuta huzuia umeme mwingi kuingia, kwa sababu lithiamu ingeganda juu ya kaboni badala ya kupenya ndani. Magari mengi ya sasa hupasha betri njiani yenyewe ukiweka kituo cha chaji kama mwisho wa safari kwenye ramani ya gari. Madereva wengi hawajui hilo, na kitabu cha gari hulitaja kwa mstari mmoja.

Kwa anayenunua gari la umeme lililotumika, omba mambo mawili kabla ya kuzungumza bei. La kwanza ni kipimo cha afya ya betri kilichosomwa na kifaa cha fundi siku hiyohiyo; kilomita zilizobaki zinazoonyeshwa kwenye dashibodi ni makadirio yanayofuata uendeshaji wa dereva aliyetangulia. La pili, fungua kifuniko cha tundu la kuchajia, ulipige picha, kisha uende na picha hiyo kwenye chaja utakayoitumia kila siku uone kama plagi yake inaingia.