Je, wajua kwa nini mshipa wa moyo uliotiwa stenti huweza kuziba tena?

Ami yangu anakaa Langoni, mjini Lamu, na kila baada ya alasiri utamkuta barazani na kikombe cha kahawa. Miaka kadhaa iliyopita kifua kilimbana, akapelekwa Mombasa, akatiwa stenti kwenye mshipa wa moyo, kijineli cha waya cha kuushikilia usizibe. Akarudi mzima, akavuka kutoka Mokowe akiwa amekaa mbele ya boti kama kijana. Kabla ya mwaka kwisha tabu ikamrudia. Akitoka pwani kupandisha vichochoro, lazima asimame mara mbili kuvuta pumzi. Alipochunguzwa upya aliambiwa mshipa umesongeka palepale palipotiwa stenti.

"Mwanangu," akaniambia, "chuma kishatiwa, ndia ishafunguliwa. Mbona imefunga tena?"

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa akijilaumu. Alihesabu kila sambusa aliyokula mwezi wa Ramadhani, akaamini ni mafuta yaliyogandama kwenye ule waya, kama chaza wanavyoganda kwenye boriti iliyosimikwa baharini. Mimi nafanya kazi kwenye duka la dawa na watu wengi wamenieleza jambo hili kwa namna hiyohiyo. Lakini sivyo linavyokuwa. Kinachoziba stenti katika miezi ile ya mwanzo, aghalabu, hakiji na damu kikanata. Kinaota kutoka ukutani.

Mshipa si bomba. Bomba ukilitia chuma halijui lolote. Mshipa ni nyama hai, na ukuta wake una matabaka matatu. Ndani kabisa, panapopita damu, pana utando mwembamba wa seli zilizopangwa safu moja tu. Utando huo ndio unaoifanya damu iteleze bila kuganda, na ndio unaoziambia seli za chini yake zitulie. Tabaka la kati ni la misuli laini, ile inayoubana na kuulegeza mshipa. La nje ni nyuzi ngumu zinazoushikilia. Mshipa mkubwa wa moyo una upana wa milimita 3 au 4 hivi, na kazi yote hii inafanyika humo.

Sasa tazama tunaufanyia nini. Stenti ni kijineli cha waya kilichosukwa kwa matundu matundu. Aliyewahi kuona dema la kuvulia samaki atalielewa umbo lake upesi, ila hili ni jembamba kuliko punje ya mchele ukilitazama kabla ya kufunguliwa. Hufungwa juu ya puto lisilojazwa bado, likasukumwa kwa mrija mwembamba kutoka mkononi au pajani mpaka moyoni. Pale penye msongo puto hujazwa kwa nguvu, mara nyingi zaidi ya mara tano ya upepo wa tairi la gari. Waya unatanuka na kuzama ukutani. Mafuta yaliyokuwa yamejazana yanapasuka na kusukumwa pembeni, ule utando wa safu moja unachubuka, na tabaka la misuli linavutwa kuliko lilivyozoea. Njia imefunguka, ndiyo, na mtu ameokoka. Lakini kwa ukuta wenyewe hilo ni jeraha.

Na jeraha mwili haujui kuliacha.

Dakika za mwanzo chembe sahani za damu, zile za kugandisha, hukimbilia hapo na kujibandika, maana zimeuona ukuta uliokuwa umefunikwa. Siku zinazofuata hufika chembe nyeupe, zinakizunguka chuma kama kitu kigeni, zinatoa kemikali za kuita wenzao. Kemikali hizo zinaziamsha seli za misuli laini za tabaka la kati. Seli hizi kwa kawaida zimetulia, huzaliana kwa nadra tu. Zikiamshwa, zinabadili tabia: zinaanza kugawanyika, zinahama kutoka mahali pake, zinapenya kwenye matundu ya waya na kuja juu yake, huku zikimwaga ute mgumu unaogeuka kovu. Kazi hiyo huendelea kwa wiki na miezi, kisha hutulia.

Nilipomweleza ami nilitumia kichochoro cha nyuma ya nyumba yake. Punda akipita na mizigo ya mawe, ukuta wa matumbawe unaparuzika, na fundi anakuja na chokaa kuuziba. Tabaka moja la chokaa ni salama, tena linaupendeza ukuta. Lakini fundi akipaka leo, kesho na keshokutwa, bila mtu wa kumwambia basi, siku moja punda hapiti. Mwili wa kila mtu unapaka chokaa baada ya stenti. Kwa wengi unaacha mapema. Kwa wengine hauachi kwa wakati, hasa wenye ugonjwa wa sukari, na ami ana sukari tangu zamani.

Madaktari walilijua tatizo hili kabla hata ya stenti kuwepo. Septemba 16, 1977, mjini Zurich, Andreas Grüntzig alipanua mshipa wa moyo wa mtu kwa puto kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ajabu kubwa, kwani mgonjwa hakupasuliwa kifua. Lakini wagonjwa wengi walirudi katika miezi sita ya kwanza. Mshipa uliotanuliwa kwa puto peke yake hujirudi kama mpira, kisha ukuta wenyewe hunywea. Machi 1986, Jacques Puel wa Toulouse, Ufaransa, akaweka stenti ya kwanza kwenye mshipa wa moyo wa binadamu, na mwaka huohuo Ulrich Sigwart wa Lausanne, Uswisi, akaweka zake. Chuma kilizuia mshipa kunywea. Katika utafiti wa BENESTENT uliochapishwa mwaka 1994, waliopanuliwa kwa puto tu walisongeka tena kwa asilimia 32. Waliotiwa stenti, asilimia 22.

Angalia kilichotokea hapo. Tatizo la kunywea lilikwisha, lakini kovu likawa nene kuliko lile la puto, kwa sababu puto hutolewa na chuma hubaki. Kwa mtu mmoja kati ya watano, stenti yenyewe ilikuwa ikizikwa ndani ya nyama.

Hapa ndipo utafiti ulipogeukia ukuta, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Robert Schwartz na wenzake wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walitia stenti kwenye mioyo ya nguruwe, mnyama ambaye moyo wake unakaribiana sana na wetu, kisha wakaikata mishipa na kuipima kwa hadubini, waya mmoja mmoja. Mwaka 1992 walionyesha kwamba kadiri waya ulivyozama ndani zaidi, ndivyo kovu la juu yake lilivyonenepa. Mwaka 1995, Campbell Rogers na Elazer Edelman wakalipeleka mbele kwa sungura: chuma kilekile, uzito uleule, ila umbo la msuko limebadilishwa, na jeraha likapungua, damu ikaganda kidogo, kovu likawa jembamba. Kumbe ukuta hauulizi tu umetiwa nini. Unauliza pia umeshikwaje.

Ujerumani wakalijaribu hilo kwa watu. Utafiti wa ISAR-STEREO wa mwaka 2001 ulilinganisha stenti mbili zinazofanana, moja yenye waya wa maikromita 50, nyingine 140. Zote mbili ni nyembamba. Unywele wa kichwa upo katikati yake. Lakini ukuta uliijua tofauti: waliowekewa waya mwembamba walisongeka tena kwa asilimia 15, na wa waya mnene karibu 26.

Kupunguza jeraha kulisaidia, ila fundi wa chokaa bado alikuwa kazini. Ikabidi atafutwe wa kumwambia basi.

Huyo akapatikana kwenye udongo. Mwaka 1964 msafara wa wanasayansi kutoka Kanada ulikwenda Rapa Nui, kisiwa cha Chile kilicho peke yake katikati ya Bahari ya Pasifiki, wakachukua udongo wa huko. Ndani yake mlikuwa na bakteria anayetengeneza kemikali ya kuua kuvu. Suren Sehgal na wenzake wa Montreal wakaitoa na kuiita rapamaisini, kwa jina la kisiwa hicho. Baadaye ikabainika kwamba inazizuia seli kugawanyika bila kuziua: seli inajiandaa kuwa mbili, halafu inasimama. Wahandisi wakaipaka kwenye stenti, itoke kidogokidogo kwa wiki kadhaa, wakati uleule misuli laini inapoamka. Desemba 1999, Eduardo Sousa alimwekea mtu stenti ya namna hii mjini São Paulo, Brazil, ya kwanza duniani. Mwaka 2002 utafiti wa RAVEL ukatoka: miezi sita baadaye, katika waliopata stenti yenye dawa hakuna hata mmoja aliyesongeka, katika waliopata chuma kitupu, zaidi ya robo. Matokeo ya sifuri hayakuendelea kwa wagonjwa wa kila aina, lakini kwa stenti za leo wanaosongeka tena ni chini ya mmoja kati ya kumi.

Ami aliposikia habari ya Rapa Nui alicheka kwa furaha, akauliza kama ni kisiwa kama hiki chetu. Stenti yake ya kwanza ilikuwa chuma kitupu. Ya pili, iliyotiwa ndani ya ile ya kwanza, ina dawa.

Ndipo nikamkalisha nimweleze jambo la mwisho, kwa sababu mara ya kwanza aliacha vidonge alipoona amepona. Dawa inayozituliza seli za misuli huzichelewesha pia zile seli za safu moja, ambazo tunazitaka zirudi upesi zikifunike chuma. Zikichelewa, waya unabaki wazi mbele ya damu. Damu ikikutana na chuma kitupu inaweza kuganda ghafla, na hiyo haisongi polepole kama kovu. Inaziba kwa mara moja na inaua. Mwaka 2006, kwenye mkutano mkuu wa madaktari wa moyo uliofanyika Barcelona, hofu hii ilizuka kwa nguvu. Tangu hapo stenti zimefanywa nyembamba zaidi na kemikali zinazobeba dawa zimebadilishwa ziwe laini kwa ukuta. Bado mgonjwa hupewa aspirini pamoja na clopidogrel au dawa ya jamii yake, zote za kuzuia damu isigande, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12, kadiri daktari wake atakavyoona, kisha aspirini huendelea.

"Kwa hiyo vidonge si vya kifua kinachouma," akasema.

"La, ami. Ni vya kuulinda ukuta wakati unajifunika."

Akanyamaza kidogo. Kisha akamwita mjukuu wake, akamwagiza alitoe kabatini kopo la dawa, aliweke hapa, kando ya birika la kahawa.