Akili unde katika ofisi ya wadi: kazi ya kuipa na kazi ya kuinyima

Tangazo la kikao cha maoni ya wananchi mara nyingi huandikwa Kiingereza kwanza: tarehe, ukumbi, na saa 10:00 za asubuhi kwa hesabu ya Kizungu. Karani mwenye haraka akilitia kwenye programu ya akili unde (AI) na kuomba Kiswahili, si ajabu likarudi limeandikwa "saa kumi". Mzee wa Siyu, kisiwani Pate katika kaunti ya Lamu, akilisoma ataelewa alasiri. Atakapofika Mokowe, upande wa bara, ukumbi ushafagiwa na karatasi ya mahudhurio ishafungiwa kabatini. Hakuna aliyekusudia kumnyima haki ya kushiriki, inayotajwa katika ibara ya 10 ya Katiba ya Kenya ya 2010 na tena, kwa mabunge ya kaunti, katika ibara ya 196. Imempotea kwa saa sita ambazo kila mtoto wa Amu (Lamu) anajua kuzihesabu.

Kosa hili tumelitanguliza kwa sababu kulitibu ni rahisi: mtu mmoja asome tangazo kabla halijabandikwa. Makosa mengine hayaonekani upesi hivyo. Kenya ilizindua mkakati wa kitaifa wa akili unde mwezi Machi 2025, unaofika hadi 2030, na afisa mwenye simu janja anazo programu hizi mfukoni, ofisi imeidhinisha au haijaidhinisha. Kwa hivyo swali la kuzitumia au kutozitumia limepitwa na wakati. Linalobaki ni zipewe kazi gani.

Kigezo tunachowapa maafisa ni hiki: ipe programu kazi ambayo kosa lake unaweza kuliona kwa macho, karatasi asili ikiwa mezani. Kufupisha barua ya kurasa tatu, kupanga malalamiko kwa mada, kutengeneza rasimu ya jibu, kutafsiri tangazo, kuandika rasimu ya kumbukumbu za mkutano: zote hizo zinafaa. Iondoshee kazi ambayo kosa lake humwangukia mtu asiyekuwepo chumbani, kama kuamua nani apate basari (msaada wa karo), leseni ya nani isitishwe, au ombi la nani "linashukiwa".

Inafaa kujua kosa linatoka wapi. Programu hizi hubashiri neno linalofuata kutokana na maandishi mengi zilizolishwa. Hazifungui faili ya kaunti yako. Pale ambapo habari za mahali ni chache, hujaza pengo kwa kilicho kingi. Kiswahili kilichomo mtandaoni kwa wingi ni cha Tanzania, basi usishangae barua ya ofisi ya wadi ya Hindi au Witu ikirudi na "Mkuu wa Wilaya" na "Halmashauri" ndani yake, kana kwamba imevuka mpaka usiku. Hilo utalicheka na kulifuta. Usilolicheka ni kifungu cha sheria kisichokuwepo, kilichopewa namba na mwaka, kimeandikwa kwa lugha safi kabisa. Mjini New York, mwezi Juni 2023, jaji aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na programu kama hiyo. Kanuni ya ofisi iwe kali: kifungu hakiingii kwenye barua mpaka anayetia saini awe amekifungua mwenyewe katika tovuti ya sheria za nchi, Kenya Law, na kukisoma.

Maagizo unayoipa programu nayo yana kazi yake. "Nifupishie hii" ni mlango wazi wa kuongezewa chumvi. Andika hivi: "Fupisha barua iliyo hapa chini kwa sentensi tano. Usiongeze jina, tarehe wala kiasi ambacho hakimo. Mahali pasipoeleweka andika HAIJULIKANI. Saa ziache kama zilivyoandikwa." Agizo hili halifuti makosa yote, ila huyapunguza na, la muhimu zaidi, hukuonyesha pa kuangalia.

Sauti za baraza

Kazi inayovutia wengi ni kurekodi baraza na kuiachia programu iandike. Hapa Lamu kazi hii ina miiba. Programu nyingi zimefunzwa kwa Kiswahili cha redio na habari. Mama wa Amu akisema "ndia ya kwenda kisimani imeharibika", yaani njia, programu inaweza kuandika "nia". Akisema "nti", isijue kwamba ni nchi. Akisema "mtele" kwa maana ya mchele, ikabahatisha. Msemaji wa Kitikuu, lahaja ya Wabajuni, kutoka Kizingitini ataumia zaidi. Matokeo yake ni kwamba anayesema Kiswahili cha shule ananukuliwa vizuri, na anayesema lugha ya kwao anaonekana kwenye kumbukumbu kama mtu asiye na hoja.

Dawa si kuacha kurekodi. Simu ikiwekwa juu ya meza ya viongozi itanasa viongozi, feni na punda wa nje. Ipitishwe mkononi, iwe karibu shibiri mbili na mdomo wa msemaji. Kila msemaji ataje mtaa wake kabla ya hoja; jina alitaje akipenda, na aambiwe mapema kwamba anarekodiwa na kwa nini. Kata rekodi vipande vya dakika kumi au kumi na tano, maana kipande kirefu programu huruka sehemu au hurudia sentensi, na sehemu iliyorukwa haiachi alama. Palipo kimya kirefu, baadhi ya programu hutunga maneno. Kisha mtu aliyekuwa ukumbini, anayeijua lahaja ya pale, asikilize rekodi huku akisoma rasimu. Majina ya mahali, kiasi cha fedha na maazimio yahakikiwe na watu wawili: mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate kwenye daftari la katibu. Kama hakuna mtu wa kuifanya kazi hiyo, daftari la katibu peke yake ni bora kuliko kurasa kumi za programu.

Majina

Chukua orodha ya waombaji basari. Ndani yake mna Fatma Athman Ali na Fatuma Athumani Ali, majina ya mfano tu. Ni mtu mmoja aliyeomba mara mbili, au ni wawili? Programu ya kulinganisha itatoa alama, tuseme kati ya 0 na 100, na mtu fulani ameshaamua kwamba kuanzia 85 moja ya maombi hayo lifutwe. Huo ndio mtego. Pwani mtoto mara nyingi hupewa jina la babu, kisha jina la baba na la babu yakafuata, na katika mtaa mmoja hukosi Mohamed Ali Mohamed wawili wa nyumba mbalimbali. Upande wa pili, mtoto mmoja anaweza kuwa Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Muhammad kwenye cheti cha shule, na Mahamed kwenye barua ya chifu. Kwa hivyo programu itawaunganisha walio tofauti na kumgawa aliye mmoja, siku hiyo hiyo, kwa orodha hiyo hiyo.

Usilinganishe kwa jina pekee. Tumia namba ya cheti cha kuzaliwa pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Jozi zinazofanana ziwekwe kwenye orodha ya kutazamwa, zisifutwe, kisha karani afungue fomu zote mbili. Jina la mama humaliza ubishi mwingi. Fomu za mkono zikiskaniwa, ziskaniwe kwa ukali usiopungua nukta 300 kwa inchi, na hata hivyo 1 itasomwa 7 ikiandikwa kwa kalamu yenye haraka. Namba za vyeti na za ploti hazipiti bila jicho la mtu.

Fomu hiyo ya basari, kwa njia, ni hatari kuliko inavyofikiriwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu asili ya kikabila, hali ya afya, maelezo ya mali, hata majina ya watoto, wazazi na wenzi kuwa data nyeti. Kuitia fomu nzima kwenye programu ya bure ya mazungumzo ni kuzituma data hizo kwenye seva ambazo huenda haziko Kenya, na kwa data nyeti sheria inataka ridhaa ya mwenyewe na uhakika wa ulinzi kabla ya kuzitoa nchini. Ulinganishaji wa majina ufanyike kwenye kompyuta ya ofisi. Jedwali la kawaida latosha. Data hizo zikivuja, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ofisi kujua, iwapo kuna hatari ya kweli ya mwenye data kudhurika. Na mfumo mpya wenye hatari kubwa kwa haki za watu unahitaji tathmini ya athari, inayowasilishwa siku 60 kabla ya kazi kuanza.

Wastani wa mvuvi

Australia ilikuwa na mfumo ulioitwa Robodebt. Haukuwa hata akili unde ya kisasa. Ulikuwa hesabu ya kugawanya. Mapato ya mtu ya mwaka mzima yaligawanywa kwa vipindi 26 vya wiki mbili mbili, kisha yakalinganishwa na yale aliyoripoti alipokuwa akipokea msaada wa serikali. Aliyefanya kazi miezi michache tu alionekana kudanganya, akadaiwa. Mpango ulisimamishwa 2019, na tume ya uchunguzi ikaukosoa vikali katika ripoti yake ya Julai 2023.

Hamishia hesabu hiyo Kizingitini. Kusi ikivuma kwa nguvu, Juni hadi Agosti, mashua ndogo hukaa ufukweni. Kaskazi ikiingia, bahari hutulia na mkono ukapata. Mfumo utakaogawa mapato ya mvuvi kwa miezi 12 utamwambia kwamba Julai alikuwa na pesa. Mvuvi hatakuwa amesema uongo, wala programu haitakuwa imeharibika. Aliyeuweka wastani ndiye hakuuliza mtu yeyote wa baharini. Uholanzi nako, mfumo wa kutafuta udanganyifu katika ruzuku za malezi ya watoto ulitumia uraia wa mtu kama dalili ya kumshuku, na kashfa hiyo iliifanya serikali ijiuzulu Januari 2021. Kwetu si lazima fomu iulize kabila: jina la kijiji lenyewe hulidokeza, na programu itajifunza kijiji upesi.

Ndiyo maana mfumo wowote hujaribiwa kwanza kwa faili za zamani. Chukua faili 50 zilizokwisha amuliwa na watu, zichanganywe za visiwani na za bara, za wanawake na za wanaume. Zipitishe, kisha hesabu makosa kwa aina na kwa mahali. Makosa matano yaliyotawanyika ni habari moja. Matano yote ya mahali pamoja, tuseme Faza, ni habari nyingine kabisa, na mfumo huo hauanzi. Ukianza, mwezi wa kwanza kila jibu lihakikiwe. Baadaye, moja katika kila kumi, lichaguliwe bila kupangwa. Weka daftari la programu iliyotumika, tarehe, agizo lililotolewa, na jina la aliyehakiki. Fomu za karatasi zibaki masijala: umeme ukikatika au mtandao ukizima, kaunta haifungwi.

Ukinyimwa

Mwananchi ana silaha zake. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinampa haki ya kutotawaliwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake ikiwa unamgusa kisheria au kwa uzito mwingine. Pale sheria inaporuhusu uamuzi wa namna hiyo, ofisi yapaswa kumjulisha kwa maandishi, naye anaweza kuomba utazamwe upya na mtu. Ibara ya 47 ya Katiba humpa sababu za maandishi pale haki yake inapoathiriwa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 huipa ofisi siku 21 kujibu.

Barua yako iwe fupi, kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi. Taja ombi lako na tarehe yake, uulize mambo matatu: je, programu ilitumika; ni taarifa gani zangu zilizoingizwa; na afisa gani aliyesoma faili yangu kabla ya uamuzi. Ipeleke nakala mbili, moja ubaki nayo ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu siku 21 huhesabiwa kuanzia barua ilipopokelewa.